Windows, Mac au Linux: ipi haitanilazimisha kujifunza kompyuta upya?

PanyaMweupe

Wakuu habari za saa hizi. Najua hii mada imeshagombewa sana na huwa inaishia kwa watu kurushiana maneno, kwa hiyo naomba leo tuiangalie upande mmoja tu, urahisi wa kutumia basi. Sitaki kujua ipi ina kasi zaidi wala ipi wataalamu wanaitumia, nataka ile ambayo nafungua, nafanya yangu, nazima, naondoka.

Hali yenyewe ni hii: nina laptopu ya Windows 10, nzima kabisa, betri inakaa, kibodi nishaizoea mpaka naandika bila kuangalia, ila Windows 11 inaikataa, prosesa ya zamani na TPM 2.0 (ile chipu ya usalama) haina. Na Windows 10 ndo hivyo tena, huduma ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo nina njia tatu, nitafute mashine mpya yenye Windows 11, nihamie Mac, au nibaki na hii hii niiwekee Linux, ule mfumo wa bure.

Kazi zangu wala sio ngumu. Word, Excel, barua pepe, brauza yenye tabo nyingi kuliko inavyostahili, kuchapa, na kuhamisha picha kutoka simu ya Android. Siandiki programu, sichezi gemu. Ila mama yangu anatumia mashine hiyo hiyo, herufi ndogo hazioni vizuri, na kitu kikihama hata kidogo lazima aniite. Mimi kuzoea sio shida sana, shida ni kuitwa kila dakika.

Waliotumia zaidi ya moja, tena kwa kazi za kweli sio kujaribu wikiendi, nipeni ukweli.

KibodiKavu

Mimi natumia Mac kwa kazi za michoro na Windows kwa mengine, nahama hama kila siku. Watu watakwambia Mac ni rahisi, na kwa mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta nakubali. Ila wewe sio mtu huyo. Wewe una mikono iliyokwisha kufundishwa na Windows na hiyo mikono ndo itakayokutesa.

Unachagua faili unabonyeza Enter ili lifunguke, kwenye Mac halifunguki, linakuuliza unataka kulibadilisha jina. Kufungua ni Cmd+O (Cmd ni kitufe cha Command cha Mac), au Cmd na mshale wa chini. Unataka kuhamisha faili, unabonyeza kukata kama ulivyozoea, Cmd+X kwa mafaili haifanyi kitu, unatakiwa ukopi kwanza kwa Cmd+C halafu wakati wa kubandika ndo unaongeza Option, yaani Cmd+Option+V, uamuzi wa kuhamisha unaufanya mwishoni sio mwanzoni (ukikaa ukifikiria ina akili, ila nani anafikiria hayo akiwa na haraka). Kiduara chekundu ukikibonyeza dirisha linaondoka lakini programu nyingi zinabaki zinaendelea chini kwa chini mpaka uzifunge kwa Cmd+Q. Cha kijani nacho kinachukua skrini nzima, menyu inajificha, upau wa chini unajificha, na hapo mtu mgeni anaamini kabisa ameharibu kompyuta.

Halafu Alt+Tab. Windows inazungusha madirisha, Mac kwa Cmd+Tab inazungusha programu, ukiwa na barua mbili za Word zimefunguka hutaipata ya pili kwa njia hiyo, ina kitufe chake kingine. Hili mimi mpaka leo linanichanganya nikitoka kwenye mashine moja kwenda nyingine.

Pamoja na hayo yote siiachi. Menyu ya Mac iko juu kabisa ya skrini siku zote, haitembei na dirisha, na hilo halikuja kwa bahati. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kukifikia kitu unategemea kiko mbali kiasi gani na kina ukubwa gani. Sasa kitu kikiwa ukingoni mwa skrini unarusha mausi juu tu, inagota hapo, haiwezi kupitiliza, huna haja ya kulenga. Kwenye Windows menyu iko ndani ya dirisha, lazima ulenge. Kwa mtu kama mama yako ni faida ya kweli, ingawa maandishi yenyewe ya hiyo menyu ni madogo hahaha.

Ila la Android nikuambie mapema: ukichomeka simu kwa waya, Windows inaifungua kama folda, Mac yenyewe haina hicho kitu, utatafuta programu ya pembeni au upitishe picha mtandaoni. Na diski ya nje uliyoitumia Windows, kama ni ya NTFS (mpangilio wa diski wa Windows), Mac itaisoma ila haitaandika. Ukitaka itumike kote iwe ya mpangilio wa exFAT.

fundi_wa_zamu

Kazi yangu ni kusaidia watu waliokwama, naongea kutokana na hilo. Sijawahi kupokea simu ya mtu anayesema "mfumo huu ni mgumu". Wanapiga kwa sababu kitu kimehama kutoka pale walipokiacha, basi.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Windows 8, mwaka 2012. Kitufe cha Start kilikuwepo kwenye kona ile tangu Windows 95, kikaondolewa, na hata kuzima kompyuta kukafichwa kwenye menyu ambayo haionekani mpaka upeleke mausi kwenye kona ya kulia. Watu wazima na akili zao wakawa wanazima kwa kushikilia kitufe cha pawa. 2013 ikaja 8.1 kitufe kikarudi, na menyu yenyewe ikarudi na Windows 10 mwaka 2015. Hapo hakuna aliyekuwa mjinga, ni mikono tu ilikwenda mahali ikakuta hakuna kitu.

Kwa hiyo mtu akikwambia Windows 11 ni ile ile, mkatalie kidogo. Ilipotoka 2021 Start ilihamishiwa katikati, upau wa chini ukawa hauhamishiki tena kwenda juu wala pembeni, na ukikliki kulia kwenye faili menyu ikafupishwa, vitu vingine vikawekwa nyuma ya mlango wa pili. Kukata na kukopi vikawa vialama bila maneno, maneno yakarudishwa matoleo ya baadaye. Na mipangilio mpaka leo iko sehemu mbili, Settings na Control Panel, jambo lililoanza na hiyo hiyo Windows 8, kuna vitu vya sauti na printa unaanzia huku unajikuta umetupwa kule.

Lakini sehemu kubwa ya unachokijua itafanya kazi vile vile. Ukienda njia hiyo, kabla mama hajaiona rudisha Start kushoto, ondoa vile vibao vya habari, halafu angalia kama OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, imewashwa kuhifadhi Desktop na Documents, uamue mwenyewe unataka au hutaki, maana hiyo ikiwa imewashwa bila mtu kujua ndo chanzo cha "mafaili yangu yako wapi".

Kitu kimoja ambacho hakuna mfumo mwingine unaoweza kushindana na Windows: ukikwama, mtu yeyote aliye karibu anaweza kukusaidia. Mac hivyo hivyo kidogo. Linux utasaidiwa na mtu mmoja tu, yule aliyekuwekea. Kama ni wewe, basi jiandae.

Halafu huna haja ya kukimbizana. Windows 10 ina mpango wa apdeti za usalama za ziada kwa watumiaji wa kawaida mpaka Oktoba 2026, unajiandikisha ndani ya Windows Update.

Pengwini_Mtulivu

Fundi umeongea vizuri halafu umemalizia vibaya 😂 Kama tatizo ni vitu kuhama, basi kwa mikono yake Linux Mint, moja ya matoleo ya Linux, imehama kidogo kuliko hiyo Windows 11.

PanyaMweupe, kwanza acha kuiona Linux kama kitu kimoja. Unachokiona kwenye skrini ni sura, na sura ziko nyingi juu ya injini ile ile. Ubuntu inakuja na GNOME, ni nzuri lakini ina mawazo yake, upau uko kushoto, vitu vingine vimefichwa makusudi. KDE Plasma inafanana na Windows ila ina mipangilio mingi mpaka mtu anapotea humo humo. Mint ina Cinnamon, na Cinnamon ilianza kutengenezwa 2011 kwa sababu GNOME 3 ilibadilisha kila kitu na watu wakagoma kuhamishiwa vitu vyao. Menyu kona ya chini kushoto, upau chini, saa kulia, Enter inafungua faili, Ctrl+X inakata, Alt+Tab inazungusha madirisha. Yote aliyoyalalamikia KibodiKavu, huku hayapo.

Apdeti nayo: sehemu moja inaapdeti mfumo pamoja na programu ulizochukua kwenye ghala lake, brauza, ofisi, kila kitu, na haiizimi kompyuta mkononi mwako, inakwambia tu ukipata nafasi uristati. Kuna Timeshift, inapiga picha ya mfumo, kitu kikiharibika unairudisha siku iliyokuwa nzima. RAM inataka GB 2 kwa uchache, 4 ndo unakaa vizuri.

Sasa ubaya wake, nisije nikaonekana muuzaji. Microsoft Office ya kuinstoli haipo, unatumia LibreOffice au ile ya ndani ya brauza. LibreOffice inafungua docx, ila kinachowakera watu ni kurasa kusogea, jedwali linaruka ukurasa wa pili, na mara nyingi kosa sio la programu, ni fonti. Barua imeandikwa kwa Calibri au Cambria, Linux haina hizo fonti, inaweka nyingine zenye upana tofauti, mistari inavunjika kwingine. Dawa yake hakikisha una Carlito na Caladea, zimetengenezwa kwa vipimo vile vile vya Calibri na Cambria, maandishi yanakaa pale pale. Excel ya kawaida sawa, ila kama una makro (vile vijiprogramu vya ndani ya Excel) za kazini usijidanganye, nyingi zitagoma.

Kingine kidogo: Barua.docx na barua.docx kwa Linux ni mafaili mawili tofauti, yanakaa folda moja bila ugomvi. Na ukibonyeza gurudumu la mausi linabandika maandishi uliyoyachagua mara ya mwisho, hii mama anaweza kushtuka akaona maneno yametokea tu yenyewe.

Na teminali, lile dirisha la kuandika amri. Ukienda kuuliza swali dogo utajibiwa kwa mistari ya amri, sio kwamba haiwezekani kwa mausi, ni kwamba sura ziko nyingi na anayekujibu hajui wewe unayo ipi, amri inafanya kazi kwenye zote kwa hiyo anakupa amri. Mimi naona huo uvivu wa wajibuji ndo umeitia Linux sifa mbaya kuliko kitu chochote. Ukiona amri inaanza na sudo, yaani inapewa mamlaka ya msimamizi, na hujui inafanya nini, uliza kwanza.

tabo_mia

Kama kazi nyingi ni brauza mbona hakuna aliyetaja ChromeOS Flex, mfumo wa Google? Inapigwa kwenye laptopu za zamani, haina cha kujifunza, brauza ndo kompyuta yenyewe. Programu za Android haiendeshi lakini, na Word ni ile ya mtandaoni tu.

Pengwini_Mtulivu

@tabo_mia kwa mama peke yake ningekubali. Huyu ana Excel.

SikioKali

Nimeona hakuna aliyegusa suala la macho ila kwa kupita, na mimi hapa ndo kwangu, skrini siioni, natumia kompyuta kwa kusikiliza.

Kwanza mtenganishe kukuza herufi na kukuza kila kitu. Windows 10 na 11 kwenye mipangilio ya ufikivu kuna kitelezi cha ukubwa wa maandishi peke yake, unakisukuma herufi zinakua bila vialama na madirisha kujaa skrini, na kwa mtu anayeona ila kwa shida hicho ni kitu kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Mac desturi yake ni kukuza skrini yote, vitu vinakuwa vikubwa lakini nafasi inaisha haraka kwenye skrini ndogo, kukuza maandishi kwa baadhi ya programu zake kulikuja na Sonoma mwaka 2023. Cinnamon ina swichi ya maandishi makubwa, na sehemu ya fonti unaongeza kiwango kidogo kidogo utakavyo.

Halafu kilenzi, kile cha kukuza kwa muda tu mtu akitaka kusoma kitu kimoja. Windows ni kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha, hakihitaji kuwashwa popote kabla, unabonyeza tu. Mac ni kushikilia Ctrl huku unazungusha gurudumu, laini sana, tamu, ila lazima mtu aiwashe kwanza kwenye mipangilio. Mfundishe mama hicho kimoja tu, simu zitapungua.

Kwa siku za mbele, kama macho yatazidi: Mac ina VoiceOver ndani yake tangu 2005, unabonyeza Cmd+F5 inaanza kuongea, na inakuongoza hata wakati wa kusetapu mashine mpya bila mtu wa kukushika mkono. Windows ina msomaji wake wa skrini, Narrator, na kuna NVDA ya bure ambayo ilianzishwa Australia 2006 na vijana wawili wasioona, kwa kazi za ofisi hiyo ndo ninayoiamini zaidi, kwenye Word na Excel inanisomea seli, vichwa vya safu, maoni ya pembeni, kila kitu. Linux ina Orca, inafanya kazi, ila inategemea sana sura na programu, moja inasoma vizuri nyingine kimya. Kwa mtu anayeanza kupoteza uoni simshauri aanzie huko.

KibodiKavu umesema menyu ya juu ni faida kwake. Ni kweli mausi inafika kirahisi, lakini kwa anayekuza skrini menyu ya juu ina ubaya wake, dirisha liko chini kulia, menyu iko juu kushoto, ukishakuza hivyo vitu viwili huvioni kwa pamoja, unasafiri skrini nzima kwenda na kurudi. Menyu ikiwa ndani ya dirisha iko jirani na unachokifanya.

KibodiKavu

@SikioKali hili sikulijua kabisa, asante. Na nikiangalia skrini yangu kubwa ya kazini, hata bila kukuza hiyo safari ipo.

PanyaMweupe

Dah, nimepata zaidi ya nilichouliza. Asanteni sana, SikioKali hasa, hicho kilenzi cha Windows nimekijaribu sasa hivi kwenye hii hii na kumbe kilikuwepo miaka yote.

Nilivyoelewa, Mac kwangu inatoka, sio kwa ubaya wake ila kwa mikono na kwa simu. Imebaki Mint kwenye mashine hii au mashine mpya ya Windows 11. Makro za Excel sina. Nauliza mawili tu, printa yangu itakubali? na naweza kuijaribu bila kufuta kilichopo, mama ashike mwenyewe nimwone anakwama wapi?

Pengwini_Mtulivu

Printa kama ni ya waifai na ina AirPrint (uchapaji bila waya wa Apple), uwezekano ni mkubwa sana itaonekana yenyewe bila draiva. Mac na Linux zote zinachapa kupitia mfumo mmoja unaoitwa CUPS, kwa hiyo printa inayokubaliana na Mac mara nyingi inakubaliana na sisi pia. Za waya za zamani sana ndo bahati nasibu. Skana iangalie peke yake, kuchapa na kuskani ni mambo mawili.

Kujaribu ndiyo, unaiweka Mint kwenye flashi, unawasha kompyuta kwa kutumia hiyo flashi, inafunguka yote na diski yako haiguswi mpaka wewe mwenyewe ubonyeze kuinstoli. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kwenye flashi, usiihukumu kwa kasi. Na ukizima, ulichobadilisha kinapotea.

fundi_wa_zamu

Naongezea kwenye kujaribu, maana watu huwa wanafungua brauza, wanaona inafanya kazi, wanasema tayari. Jaribu vile vinavyogoma kimya kimya: funga mfuniko usubiri kidogo ufungue uone kama inaamka, punguza mwanga wa skrini kwa vitufe vyake, chomeka spika za masikioni, chomeka simu ya Android uvute picha moja, chapa ukurasa mmoja, ingia kwenye kikao cha video uone kamera na maiki. Halafu mama akae, usimwambie chochote, mwambie tu afungue barua pepe yake na ile barua ya mwisho aliyoandika. Angalia mkono wake wa mausi unakwenda wapi kwanza, usiangalie skrini.

Ukiamua kuziweka zote mbili kwa muda, kabla ya kugusa chochote kopi mafaili yako kwenye diski ya nje, angalia kama BitLocker, kufuli la diski la Windows, imewashwa na uwe na ule ufunguo wake wa kurejesha pembeni, na uzime Fast Startup ya Windows, isipozimwa Windows haizimiki kikamilifu na Linux inaweza kuishia kusoma tu ile sehemu ya Windows bila kuandika. Saa ikianza kuruka ukihama kutoka moja kwenda nyingine usishangae, Windows inaisoma saa ya mashine kama saa ya hapo ulipo, Linux inaisoma kama UTC, saa ya kimataifa, inarekebishika.

Mimi bado ningechukua Windows 11 kwa ajili ya mama, lakini mama akikaa na Mint asikuite basi ameshakujibu, achana na mimi.

PanyaMweupe

Flashi ninayo, naishusha Mint sasa hivi. Jumamosi namkalisha mama, nitaleta majibu humu humu.

Pengwini_Mtulivu

Chukua toleo la Cinnamon, usichanganye na Xfce, sura nyingine iliyo ukurasa huo huo. Na waifai isiposhika ukiwa kwenye flashi, andika hapa aina ya kadi yake kabla hujabonyeza kuinstoli.